Hisia Zangu Nimezipeleka kwa Fundi

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza tiba ya muziki. Sikupenda. Naandika ili ijulikane kwamba sikupenda.

Mambo yako hivi. Mke wangu amehamia kwa dada yake tangu binti yetu aende kuanza kazi ng'ambo. Kosa langu, kwa maelezo yao, ni kwamba asubuhi ya safari nililiweka sanduku la mtoto kwenye mzani wa dukani, nikamwambia limezidi kilo mbili. Na lilikuwa limezidi kilo mbili. Nikatoa taulo na jozi ya viatu, likawa sawasawa, nikamfungia zipu mwenyewe. Mtoto wa mtu mwingine angekwama uwanja wa ndege. Wangu alipita kama malkia. Shukrani nilizopata ni mke kuniambia kwamba mtoto wetu wa pekee anaondoka na baba yake hana neno la kumpa isipokuwa kilo. Akasubiri niseme nilivyojisikia. Nikamwambia nilijisikia vizuri, kwa kuwa mzani wa uwanja wa ndege ulisema sawa na wangu. Jioni ile akafunga mfuko wake.

Sharti lake halina utata, na kwa hilo nampongeza. Siku nitakayomwambia nilichohisi mtoto alipoondoka, atarudi. Akanielekeza ukumbini, ambako zahanati imeleta tiba ya kisaikolojia kwa njia ya muziki kila Jumanne na Ijumaa. Hisia moja tu ndiyo inayotakiwa. Nikakubali papo hapo. Mimi nilianza na beseni na kipande cha sabuni, leo nina duka la dobi lenye mashine za kufua, za kukausha na pasi ya mvuke. Hisia moja itanishinda?

Tulikuwa wanane, viti vimepangwa duara, ala za muziki zimelundikwa katikati kama nguo chafu. Mtaalamu ni binti ambaye umri wake hauzidi sana ule wa mashine yangu ya kwanza. Akasema hatukuja kujifunza muziki. Tumekuja kuutumia muziki kuunganisha mawazo na hisia, kwa sababu kwa watu wengi vitu hivyo viwili vinaishi nyumba moja na havisalimiani. Wenzangu wakaguna kwa kukubali. Mimi nikauliza cheti kinatolewa lini. Akasema hakuna cheti. Nikauliza mtu atajuaje kwamba amemaliza. Akasema utajua mwenyewe. Huo si utaratibu wa kazi. Mteja wangu siwezi kumwambia utajua mwenyewe kama suruali imetakata.

Kila mtu akaambiwa achague ala, aipige vile anavyojisikia. Marimba ilichukuliwa na Kinyozi. Ndiyo, yupo. Jirani yangu huyu, ukuta kwa ukuta, ambaye nywele anazozifagia huishia kwenye mashuka yangu meupe, amekuja kutibiwa kukosa usingizi. Akaipiga marimba huku amefumba macho. Chozi likamtoka. Watu wakampigia makofi. Mimi nilibakiwa na kayamba lenye tundu, kila nikilitikisa punje zinadondoka. Mtaalamu akaniuliza ninajisikiaje. Nikasema asilimia sabini. Akauliza sabini ya nini. Nikasema ya jumla.

Akanishukuru kwa kushiriki. Kinyozi hakushukuriwa, alipigiwa makofi. Tofauti hiyo nimeiona.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifika mapema nikaikalia marimba. Si kwa mfano, niliikalia hasa, maana kiti cha karibu yake kilikuwa kimevunjika. Mtaalamu akaniomba niinuke. Kinyozi akasema pole jirani, kama umechoka kaa hapa kwangu. Anajua sana kujifanya mtu mwema mbele za watu.

Hata hivyo marimba haikuhitajika. Leo kila mtu alipewa ngoma mbili. Ndogo ni ya mawazo, kubwa ni ya hisia. Unasema unachowaza, unagonga ndogo. Halafu unachimba hadi uone kilicho chini yake, unagonga kubwa. Mama mmoja akasema anawaza kuhamisha jokofu lake. Ndogo. Akachimba, akasema jikoni kwake kumekuwa na upweke. Kubwa. Wote wakatikisa kichwa. Mimi niliona angehamisha jokofu tu, mambo yaishe.

Zamu yangu ikafika. Nikasema nawaza kwamba vitambaa vya viti hivi havijafuliwa tangu ukumbi ujengwe. Ngoma ndogo. Safi kabisa. Kisha nikasema, na ninahisi kwamba naweza kuvifua vyote kwa siku moja. Ngoma kubwa. Mtaalamu akasema hilo nalo ni wazo. Nikasema ninahisi kwamba ni wazo zuri. Akasema hilo pia ni wazo, wazo juu ya wazo. Nikasema ninahisi kwamba naonewa. Akafikiri kidogo, akasema hapo tumekaribia. Nikaona heri nipige chuma kingali moto. Nikaigonga ngoma kubwa kwa nguvu zangu zote.

Ngozi ikapasuka.

Kinyozi alisema anawaza habari za kioo chake cha zamani. Ndogo. Akasema anajihisi kama kioo ambacho hakuna anayejitazama ndani yake. Kubwa. Watu wakapiga makofi tena. Hata mimi, nikiwa na ngoma iliyochanika mapajani, nilikubali kwamba bidhaa hiyo ni ya daraja la kwanza. Nimeikariri njia nzima kurudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikampigia mke wangu. Sikuzunguka. Nikamwambia ninajihisi kama kioo ambacho hakuna anayejitazama ndani yake.

Akauliza nimeitoa wapi hiyo. Nikasema moyoni. Akasema ni ajabu, kwa sababu moyo huohuo anao Kinyozi. Sentensi hiyo alimpa mkewe jana jioni, na mkewe ameshamsimulia Shemeji, na Shemeji ameisema hapa mezani wakati wa chai. Nyuma ya simu nikamsikia Shemeji, dada wa mke wangu, akiuliza kwa sauti kama kioo hicho kinauzwa kwa jumla au rejareja. Mwanamke huyu hajawahi kunipenda tangu siku nilipokuja kuposa nikaisifia kamba yao ya kuanikia nguo.

Dukani hali si nzuri. Mke wangu ndiye anayepokea nguo na kuzikagua mifuko. Bila yeye tumefua kalamu ya mteja ikiwa ndani ya shati, na mashati yote ya mzigo ule sasa ni ya buluu kiasi. Nilimweleza Bi Mvuke kwamba ufanisi umeshuka. Bi Mvuke ni mpiga pasi wetu, mama mtu mzima, hajawahi kunong'ona maishani. Akasema, "Ufanisi. Mwanamume umekonda hivyo, unaita ufanisi." Nikamwambia sijakonda, suruali zimelegea kwa kufuliwa. Akasema suruali zinazofuliwa husinyaa, hazilegei, dobi gani usiyejua hilo.

Halafu akaliinua kapu la nguo za nyumbani, akauliza foronya hii ya chini kabisa inafuliwa lini, maana kila siku anaiona palepale. Nikamwambia aiache. Akaniangalia. Nikamwambia ashughulike na pasi yake.

Nimegundua tatizo langu. Ni machozi. Kinyozi anapigiwa makofi kwa sababu analia. Sentensi huja baadaye. Mtu akilia, watu hawaulizi ni wazo au ni hisia, wanampa maji ya kunywa. Na mimi kwenye rafu yangu nina dawa ya madoa ambayo ukifungua kifuniko tu, hata mashine inapiga chafya.

Roho kwatu. Nalala.

Jumanne, 11 Machi

Mpango ulifanikiwa kupita kiasi.

Nilikwenda na leso nyeupe, nimeipiga pasi vizuri, nimeidondoshea dawa kidogo kwenye pindo. Nadhani ni kidogo. Hesabu yangu ilikuwa ya doa la kawaida la kola. Mtaalamu akachukua gitaa, akapiga taratibu, akasema tuache akili iende inakotaka. Nikaiacha akili, nikaipeleka leso usoni.

Sijawahi kulia vile. Nilikuwa natiririka. Mtaalamu akaendelea kupiga kwa upole, akasema yaache yatoke. Hayakuhitaji ruhusa. Mama wa jokofu, kwa huruma, akaichukua leso mkononi mwangu anifute uso, kisha akajifuta na yeye. Akaanza. Akampa wa pembeni. Leso ikazunguka duara zima kama sahani ya mchango. Muda si muda ukumbi wote ulikuwa unalia, watu wameshikana mabega, mmoja anamwomba radhi ndugu yake ambaye hakuwepo. Mtaalamu akasema kwa sauti inayotetemeka kwamba tangu aanze kazi hii hajaona kikao kama hiki. Akasema, tazameni mtu mmoja akifunguka anavyowafungua wenzake. Akanitaja mimi. Mimi! Mbele ya Kinyozi.

Nikiri kwamba niliinua kidevu.

Ndipo leso ikamfikia Kinyozi. Mtu anayeshinda na dawa za nywele pua yake si ya kuchezea. Akainusa mara moja tu. Akasema, "Jirani, hii ni ya madoa ya kutu au ya damu?"

Madirisha yakafunguliwa. Tulimalizia kikao nje, chini ya taa ya mlangoni, macho yamevimba. Nilitegemea nifukuzwe. Mtaalamu hakunifukuza. Alisema tu kwamba mtu anayejitaabisha hivyo ili alie, huenda kuna kitu kweli kinachotaka kutoka, na angependa kukisikia siku ambayo hakina dawa. Nikamwambia leso ile nitaisafisha bure. Akasema si hoja.

Mama wa jokofu, cha ajabu, alinishukuru. Alisema usiku huu atalala vizuri. Nimemweka kwenye hesabu ya faida.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Shemeji kujieleza. Huwezi kukaa na ushahidi mkononi usiutumie. Macho yangu bado ni mekundu, na wekundu haudumu.

Nilipokelewa mlangoni, sikukaribishwa ndani. Nikamwambia mke wangu kwamba nimelia, tena mbele ya mashahidi. Akaniangalia macho kwa muda, akanisogelea, na kwa kweli nilidhani yameisha. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ulilia nini?"

Hapo ndipo mtu hujua kwamba hakujiandaa. Nilikuwa na machozi tayari, sababu sikuwa nayo. Nikasema nililia kwa jumla. Shemeji akacheka hadi akashika fremu ya mlango. Akasema shemeji yangu wewe hata machozi yako ni ya dukani. Habari za leso zilikuwa zimeshafika. Mke wa Kinyozi ana miguu myepesi.

Mke wangu hakucheka. Hilo lilinikera zaidi. Alisema hataki nilie. Alisema hata nisipotoa tone moja si neno, ila hawezi kurudi kukaa mezani na mtu na kiti kitupu, na mtu huyo anajifanya hakioni kiti. Akasema, "Kama hukuumia, niambie hukuumia, nijue naumia peke yangu." Akaingia ndani.

Nilirudi kwa miguu. Kuumia gani wakati mtoto ana kazi nzuri, na chumba chenye dirisha. Haya ni mambo mazuri. Nimeyarudia njia yote, mazuri, mazuri. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeyachoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata dawa yenyewe. Sasa hivi natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mtaalamu alisema leo kwamba kuna watu ambao kusema hisia zao ni kama kuinua gunia wakiwa wamesimama juu yake. Kwa watu hao, akasema, huwa rahisi zaidi kuwaelekeza wengine wapige muziki wa hisia hiyo. Basi kila mmoja angesimama katikati awaongoze wenzake. Pigeni polepole, pigeni kwa hasira, nyamazeni hapa. Kinyozi alituongoza kupiga usiku wa mtu asiyelala. Nilipewa kengele. Naungama kwamba ulikuwa usiku mzuri, ingawa mrefu.

Zamu yangu ilipokaribia nikasimama, nikaomba udhuru, nikatoka. Si kwa woga. Nilitoka kwa sababu nilikuwa nimeona nuru, na nuru haisubiri foleni.

Fikiria. Watu hawafui mashati yao wenyewe. Si kwamba hawajui sabuni. Wanampelekea fundi kwa sababu fundi ana vifaa, na wao wana mambo mengine. Nimefulia watu nusu ya umri wangu, hakuna aliyewahi kuambiwa shati si lake kwa kuwa hakulifua. Sasa kwa nini mimi nihangaike na kayamba lenye tundu? Hisia ni yangu. Kuitoa ni kazi ya ufundi. Apewe fundi.

Na fundi ninaye. Tarumbeta, mpigaji wa ile bendi ya harusi, huniletea sare zao kila wiki, nyeupe zenye kamba za dhahabu begani. Nimempata kabla hajafunga mlango. Nikamwambia nina kazi, kazi yenyewe kumpigia mke wangu hisia yangu chini ya dirisha, Jumapili alasiri, na sare zote za bendi nitazifua kama malipo. Akauliza hisia gani. Nikamwambia maelezo atayapata eneo la kazi.

Akasema amepiga harusi, mahafali, uzinduzi wa duka la magodoro, lakini hii hajawahi. Akapokea.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa nimetosheka. Mezani kuna vikombe viwili.

Ila nianze na kero, maana zilikuwepo. Tarumbeta alikuja amevaa sare, vizuri, lakini akaja pia na maswali. Tulisimama kwenye kichochoro kando ya nyumba ya Shemeji, chini ya dirisha lenye pazia la maua. Nikamwambia anza. Akasema hawezi kuanza hivihivi. Ni furaha au huzuni? Nikasema huzuni, lakini ya kiasi. Akasema mzee, huzuni hazifanani. Kuna ya msiba, kuna ya kuachwa, kuna ya kufilisika, kila moja ina pumzi yake. Nikamwambia ni ya mtu aliyesafiri. Akauliza mtu gani.

Fundi wa maswali mengi ni hasara, lakini kazi nilikuwa nimeshampa. Ikabidi nimpe maelezo kama ninavyompa Bi Mvuke juu ya vazi gumu, kitu kwa kitu.

Nikamwambia aanze chini, taratibu, kama asubuhi nyumbani kwangu. Mimi huamka, napita mlango wa bafu, nagonga ili mtu aliye ndani asimalize maji ya moto. Halafu naona mlango uko wazi. Kila asubuhi nagonga. Hapo kwenye kugonga, nikamwambia, weka sauti fupi, halafu unyamaze. Akauliza anyamaze kwa muda gani. Nikamwambia mpaka uone aibu.

Akauliza na katikati je. Nikamwambia katikati ipande, lakini isifike juu. Akasema hajaelewa, ipande kama nini. Nikaanza kukereka. Nikamwambia dukani kuna foronya ya binti yangu, aliilalia usiku wa mwisho. Mimi ni dobi. Hakuna kitu kichafu kinacholala kwangu zaidi ya siku mbili. Hiyo naiweka chini ya kapu kila mzigo unapoingia mashinini, kwa sababu nikiifua itanuka sabuni kama foronya za watu wengine wote. Basi ipande namna hiyo, nikamwambia, ipande halafu ikose ujasiri.

Yeye badala ya kuweka tarumbeta mdomoni, akauliza swali ambalo halikuhusu muziki. Akauliza ni kweli yanayosemwa, kwamba mtoto anaondoka na mimi nikataja kilo. Nikamwambia ni kweli, na angefanya nini yeye? Kinywa kilikuwa kikavu. Kilo zilikuwa ndilo neno pekee lililokubali kutoka. Na sanduku lingekuwa sawa, ningelifunga mara moja. Kwa kuwa lilizidi, nililifungua. Nikatoa taulo nikairudisha, nikaitoa tena. Nilikuwa sina haraka. Sanduku likiwa wazi mtu hajaondoka. Nikamwambia hapo mwisho, basi, apige kama mtu anayefunga zipu na hataki ifike mwisho.

Akatoa leso yake akapenga. Vumbi la kile kichochoro ni baya, hata mimi sauti ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia kama ameelewa aanze, mke wangu si mtu wa kukaa ndani siku nzima.

Akainua tarumbeta. Akavuta pumzi. Kilichotoka ni sauti moja, nene, kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha basi. Kitufe kimoja kilikuwa kimenasa. Akakibonyeza, akakipulizia, akakipiga kwa kiganja. Hakuna kitu. Nilitaka kulia, tena bila leso.

Lakini sauti ile moja ilitosha. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na mke wangu amesimama pale, mfuko wake begani umeshafungwa. Macho mekundu. Nyuma yake Shemeji anajifuta kwa mkono wa gauni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunicheka. Mke wangu akasema, "Nimesikia."

Nikamwambia angekosaje kusikia, ni tarumbeta lile, mtaa mzima umesikia.

Akacheka na kulia kwa pamoja, akanishika mkono, akasema twende nyumbani, mzee wangu. Shemeji akatusindikiza hadi kona. Akanibebea hata kofia yangu.

Nguvu ya chombo kile ni ya kutisha. Sauti moja, tena mbovu. Wimbo ungekamilika, nadhani tungeondoka na Shemeji pia.

Jumanne, 18 Machi

Dukani mambo yamenyooka. Mke wangu ameshika mifuko, mashati ni meupe, Bi Mvuke anaimba. Suruali zangu zinanikaa.

Jioni tulikwenda ukumbini pamoja, kuaga. Nilisimama katikati ya duara nikawapa wenzangu matokeo kwa ukarimu, bila kuficha siri ya biashara. Nikawaambia kayamba na ngoma ni vitu vya kujifunzia tu. Kinachofanya kazi ni tarumbeta, tena likiletwa na fundi aliyelipwa. Kinyozi akauliza kama anaweza kupata namba yake. Nikampa kwa roho safi. Mshindi hana kinyongo.

Mtaalamu akauliza nilimwambia nini huyo mpigaji. Nikasema hakuna, maelekezo ya kawaida ya kazi. Akamwangalia mke wangu. Mke wangu akamwangalia yeye. Wakatabasamu kama watu wanaofahamiana, ingawa ndiyo kwanza wanaonana. Nadhani ni mambo ya wanawake. Mtaalamu akanipa mkono, akasema amefurahi sana kwa ajili yangu. Bado hakuna cheti.

Njiani mke wangu akasema binti yetu atapiga simu kesho saa moja jioni, na safari hii mimi ndiye nitakayeongea kwanza. Akasema, "Mwambie yeye kama ulivyoniambia mimi."

Sikuelewa alikuwa na maana gani, maana sikumwambia kitu. Lakini sikubisha, nyumba ina amani. Nikampitia Tarumbeta papo hapo. Nimemkodi kwa kesho, atakaa sebuleni karibu na simu. Kitufe kimetengenezwa, nimekijaribu mwenyewe. Mtoto atasikia kitu hicho hadi huko aliko.

Masharti yangu nimempa mapema ili yasijirudie ya Jumapili. Aje, apige, aondoke. Maswali hakuna na maelezo hakuna. Maneno yale yote ndiyo yaliyotuchelewesha.